Baba ameacha pembe ndani ya sanduku, wanasema ni ya kifaru. Nifanye nini?

Binti_Faradje (Lubumbashi, Katuba)

Jambo wote. Mniwie radhi, nitaandika marefu kidogo.

Baba yetu alifariki mwezi wa nne. Kilio kilipoisha na wageni kurudi kwao, tukabaki mimi na yaya yangu (ndugu yangu mkubwa) kupanga vitu vyake. Havikuwa vingi: koti zito la kazi ya usiku, redio, Biblia ya Kilingala, na sanduku la bati ambalo tangu utoto hatukuruhusiwa kuligusa. Kufuli lilikuwa limeliwa na kutu, tukalivunja kwa nyundo. Ndani tulikuta shati la kaki la gadi wa parke, na ndani ya shati, pembe moja.

Urefu wake ni kutoka kiwiko changu hadi kwenye kifundo cha mkono. Chini ni pana, pamebonyea kama kisahani. Juu imechongoka na kupinda kidogo. Ni nzito kuliko inavyoonekana kwa macho. Rangi yake ni kama mkaa ulionyeshewa mvua ukakauka. Ubavuni kuna michirizi ya rangi nyeupe iliyofutika, kama mtu aliandika kitu. Na chini ya sanduku kulikuwa na unga mwembamba wa kijivu, nikadhani ni panya.

Baba alikuwa gadi Garamba, kule Haut-Uele, tangu kabla sijazaliwa. Tulikimbia wakati wa vita, mimi nikiwa na miaka saba, tukapitia Kisangani. Hapa Lubumbashi alifanya usentineli (ulinzi wa usiku) mitaa ya Golf hadi miguu ilipomkatalia. Habari za parke hakuzipenda. Ukimuuliza alikuwa anaongeza sauti ya redio.

Sasa shida yenyewe. Yaya alimwonyesha rafiki yake picha, na kesho yake akaja lupangoni kwetu mtu anayefanya safari za Kasumbalesa, kule mpakani. Hata kiti hakukaa. Aliinyanyua, akaigeuzageuza, akasema dola elfu mbili. Jumapili akapiga simu, elfu tatu na nusu. Jana elfu tano, na akasema nisimwonyeshe mtu mwingine yeyote. Hapo ndipo nilipoogopa. Mimi nauza unga wa bukari sokoni, sijawahi kuona mnunuzi anajipandishia bei mwenyewe.

Nataka kujua: nitatambuaje kama ni ya kifaru kweli au ni ya nyati tu? Na nikiipeleka serikalini, watanishika mimi niliyeikuta? La tatu naona haya kuliandika lakini ndilo linaloninyima usingizi. Kazi ya baba ilikuwa kuwalinda wale wanyama. Pembe ilifikaje kwenye sanduku lake?

Chiko_Kamalondo

Yaya pole ya muzee. Ila nikwambie ukweli, niliposoma kichwa cha habari nilicheka. Mimi kifaru nilichokijua ni kile cha vitabu vya Tanzania, gari la vita lenye bomba. Nikasema huyu baba alificha bomba la kifaru ndani ya sanduku, alikuwa mwanaume kweli!

Mama_Niclette

Wewe Chiko acha michezo, watu wako kwenye matanga. Dada, bibi yangu alikuwa anasema pembe hiyo ukiikwangua ukaweka kwenye maji ya moto inashusha homa ya mtoto. Je, ni kweli? Ule unga ulioukuta usiutupe kwanza.

Mwalimu_wa_Ibanda (Bukavu)

Mama Niclette, kwa heshima zote: pembe ya kifaru imejengwa na keratini, kitu kilekile kilichojenga kucha zako na nywele zako. Ukitaka kuinywa, kata kucha zako, ni bure. Waliofanya mnyama huyu aishe si bibi zetu, lakini wanaamini jambo lilelile. Huko Asia imetumika karne nyingi kama dawa ya homa, China ikaipiga marufuku 1993. Halafu miaka ya 2000 ukaenea uvumi Vietnam kwamba ilimponya mtu kansa, na bei ikaruka. Huko Yemen haikuwa dawa, walitengeneza mipini ya majambia. Mpini! Mnyama wa tani mbili kwa ajili ya mpini wa kisu.

Homa ya mtoto mpeleke kituo cha afya, wapime malaria.

Deklarati_Kasu

Dada yangu, nimefanya kazi ya kupitisha karatasi za malori mpakani miaka kumi na sita. Nisikilize vizuri. Usiuze.

Biashara ya pembe hizi kuvuka mipaka imekatazwa na mkataba wa kimataifa wa CITES tangu 1977, na hapa kwetu kuna sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa maumbile. Kwa mnyama aliyelindwa kama huyu, hata kuiweka tu nyumbani ni kosa, usiseme kuiuza. Yule bwana anajua hayo ndiyo maana hakai kwenye kiti. Kuna miaka magazeti yaliandika kilo moja inafika dola 60,000 kwa wanunuzi wa mwisho. Anakupa elfu tano. Na mzigo ukikamatwa, jina litakalotajwa ni lako, yeye utasikia simu yake haipatikani.

Usidhani kwamba hawakamatwi. Oktoba 2022 uwanja wa ndege wa Singapore walinasa vipande 20, kilo 34.7, vimetoka Afrika Kusini vinakwenda Laos. Mizigo hiyo inaunganishwa moja moja. Kilo mbili za Katuba, kilo tatu za kwingine, hadi mfuko unajaa.

Mimi jambo hili linaniuma kwa sababu ya majirani zetu hapa. Ukivuka Kasumbalesa uko Zambia. Bonde lao la Luangwa lilikuwa na vifaru weusi kwa maelfu. Mwaka 1998 ikatangazwa nchi nzima hayupo hata mmoja. Walianza upya 2003, wakaleta watano Luangwa Kaskazini. Watano, nchi nzima! Mimi niliyewaona wazee wa Ndola wakisimulia jinsi walivyokuwa wanawakimbia vifaru barabarani, naona kama hadithi za sungura.

Chiko_Kamalondo

Sawa deklarati, lakini tuongee kama watu wazima. Mnyama huyu alikufa zamani. Yaya akiiuza au akiipeleka ofisini, kifaru hafufuki. Elfu tano ni lupango (kiwanja) huko Annexe. Na hiyo ofisi, nani kakwambia hawataiuza wao? Hapa Congo hii?

Deklarati_Kasu

Mnyama alikufa, mnunuzi yuko hai. Siku akipata moja kwa picha ya simu, kesho anatuma vijana waulize familia nyingine za magadi, na kesho kutwa anamtafuta anayeweza kumfikisha kwenye wanyama wazima.

Ila hofu yako ya ofisi siikatai. Ndiyo maana dada, usiipeleke mwenyewe mkononi. Ukikutwa nayo kwenye teksi utaeleza nini? Tafuta avoka (wakili) kwanza. Yeye awaandikie ICCN, ofisi ya serikali ya hifadhi za wanyama, waje wao lupangoni, mbele ya chifu wa mtaa, waandike PV (hati rasmi ya tukio), wapime kwa mizani mbele yenu, mpige picha, na wewe ubaki na nakala yenye mhuri. Pembe ikipotea baada ya hapo, itakuwa imepotea mikononi mwa mtu mwenye jina na saini.

Muzee_wa_Dungu

Binti yangu, pole ya baba. Huenda nilimjua, huenda hapana, tulikuwa wengi. Mimi sikuwa gadi. Niliendesha lori la mazutu (dizeli), Isiro, Dungu, hadi Nagero kwenye stesheni ya parke, miaka mingi, kabla barabara haijafa na mgongo wangu pia.

Nianze na pembe. Nyati na ng'ombe, pembe zao ni ala. Nje gumu, ndani mfupa. Ukiutoa mfupa linabaki shimo, ndiyo maana watu wanapiga baragumu. Kifaru hana mfupa ndani ya pembe wala shimo. Imejaa, nyuzi zimebanana kama nywele zilizogandishwa. Washa tochi ya simu, tazama pale chini palipobonyea. Ukiona vidoto vingi vidogo, kama unatazama brashi kwa mbele, ujue ndiyo. Watu watakuambia uchome unuse. Usichome! Ya ng'ombe inanuka hivyohivyo, kwato pia, nywele pia, utaharibu bure.

Na huo unga, binti, si panya. Kuna vidudu vinavyokula pembe, vinatoboa polepole. Tazama utaona vitundu.

Halafu utazame ukingo wa chini. Kifaru akifa porini akakaa siku nyingi, ngozi inaoza na pembe inabanduka yenyewe juu ya fuvu, inatoka safi. Mwindaji hana siku hizo za kusubiri. Anapiga shoka, anaondoka na pembe na ngozi yake na vipande vya mfupa. Ukingo utakusimulia.

Lakini mimi nimesimama kwenye hiyo rangi nyeupe. Pembe na meno ya tembo yaliyookotwa au kunyang'anywa wawindaji yaliletwa stesheni, yakapimwa, yakaandikwa kwa rangi, yakafungiwa. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, usitumie maji, usome. Ukipata mwaka, utuandikie hapa.

Kwa nini nataka mwaka? Wale wetu waliitwa vifaru weupe wa kaskazini, weupe kwa jina tu, rangi yao ni ya tope walilogaagaa. Mwaka 1976 walihesabiwa karibu 490. Mwaka 1984 wamebaki 15. Miaka minane tu! Ndipo walipokuja watafiti, kina mama Kes Hillman-Smith na wenzake, ndege ndogo ikawa inazunguka juu kila siku, na kila kifaru akawa na jina lake, wakimtambua kwa sikio lililochanika na umbo la pembe. Sisi madereva tulicheka: wazungu wanabatiza wanyama. Lakini 1995 walikuwa 31, na mimi niliwaona kwa macho yangu mama na mtoto, alfajiri, karibu na mto Dungu. Kwa wale weupe mtoto hutangulia mbele, mama nyuma. Nilizima motere nikakaa nusu saa, bosi akanikata siku moja ya mshahara.

Halafu vita. Wanajeshi waliokuwa wanarudi nyuma walipora stesheni, redio, magari, mazutu, kila kitu. Baadaye wakaja wapanda farasi kutoka upande wa Sudan, na punda wa kubebea. Januari 2005 serikali ilikubali watano wapelekwe Kenya wakae salama (Kenya nchi, si komini yetu hapa), Kinshasa ikawaka moto, eti mali ya Congo inaibwa, mpango ukafa. Mwaka 2006 walionekana wanne. Baada ya hapo, hakuna aliyewaona tena. Mali ya Congo ilibaki Congo, ndiyo hiyo.

Leo wa aina ile wamebaki wawili duniani, majike, Najin na binti yake Fatu, wako huko Kenya, hifadhi ya Ol Pejeta. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018.

Swali lako la tatu. Sitakudanganya kwamba magadi wote walikuwa safi. Mshahara ulikuwa unakaa miezi haufiki, na mtu ana watoto. Lakini nimebeba maiti mbili za magadi kwenye lori langu, juu ya mapipa, kwa siku mbili za mvua, kwa hiyo mtu asije hapa akaandika kwamba wote walikuwa wezi. Baba yako alikuwa upande gani, mimi siwezi kukwambia kutoka kwenye simu. Tazama ukingo, soma rangi.

Mwalimu_wa_Ibanda

Muzee, umesahau habari njema. Juni 2023 waliletwa Garamba vifaru 16 kutoka Afrika Kusini.

Muzee_wa_Dungu

Sijasahau mwalimu. Wale ni wa kusini, ni binamu. Nimefurahi. Lakini mtu akifiwa na mtoto ukamletea mtoto wa ndugu yake amlee, atamlea vizuri na bado analia usiku.

Chiko_Kamalondo

Swali la kweli sasa, si utani. Kama pembe ni kama kucha, si inaota tena? Kwa nini wasiwakate tu wakauza, mnyama abaki hai, watu wale pesa?

Mwalimu_wa_Ibanda

Inaota, ndiyo. Namibia walianza kuwakata 1989, wakimlaza mnyama kwa dawa, msumeno, dakika chache, hasikii maumivu. Lakini lengo ni mwindaji akute hakuna kitu, si kuuza. Na hata kwa ajili ya kisiki kinachobaki wengine wanamuua mnyama, na usiku mwindaji hawezi kuona kama imekatwa.

Kuuza kumejaribiwa. Kuna tajiri mmoja wa Afrika Kusini, John Hume, alifuga vifaru weupe hadi 2,000, akiwakata pembe na kuziweka ghalani akitumaini soko la dunia litafunguliwa. Halikufunguliwa. Aprili 2023 akaupiga mnada mradi wote, hakuna aliyetaja hata bei. Mwezi wa tisa African Parks, walewale wanaoendesha Garamba, wakawanunua wote ili wawasambaze kwenye hifadhi. Fikiria gharama ya walinzi kwa wanyama 2,000. Huko Afrika Kusini mwaka 2014 waliuawa 1,215, na 2024 bado walikuwa 420.

Mimi mwenyewe zamani niliwaza kama wewe Chiko. Kinachonirudisha nyuma ni hiki: soko halali likiwepo, nani atatofautisha unga wa pembe ya kukatwa na unga wa pembe ya kuua?

Chiko_Kamalondo

Haya. Nimenyamaza. Yaya yuko wapi? Siku tatu kimya.

Binti_Faradje

Niko. Aksanti kwa wote. Nilikuwa siwezi kuandika.

Nilifanya kama muzee alivyosema. Tochi ya simu, usiku, mlango umefungwa, yaya ameshika sanduku. Vidoto viko, vingi sana, kama umetazama ufagio mpya. Na vitundu viko, saba upande mmoja, unga bado unatoka ukigonga.

Ukingo wa chini ni safi, mviringo wote, isipokuwa sehemu moja ndogo kama upana wa vidole viwili. Hapo kuna mikato miwili. Ni ya zamani, ndani yake pamekuwa peusi kama pengine. Nimeitazama mara nyingi mno. Muzee, umesema ukingo utasimulia, lakini huu unasema vyote viwili.

Rangi niliisoma. Kuna namba sikuielewa, halafu 82, halafu 2,1.

Jambo jingine nimelikumbuka. Mwaka 2009 nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari na minervali (karo ya shule) ilikosekana. Baba aliuza baiskeli yake. Kutoka Katuba hadi Golf alikwenda kwa miguu, jioni kwenda, asubuhi kurudi, hadi alipoacha kazi. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda chake wakati huo wote. Yaya anasema labda hakujua thamani yake. Mimi nasema gadi wa Garamba hawezi kukosa kujua.

Na yule bwana alirudi jana saa mbili usiku na mwenzake, gari halina namba. Yaya akawaambia imeshachukuliwa na serikali. Hawakuamini.

Muzee_wa_Dungu

82. Basi ni ya miaka ile mibaya, kati ya wale 490 na wale 15. Na ilipita ghalani, imepimwa, kilo mbili na gramu mia moja. Ni pembe ndogo, ya nyuma labda. Kwa hiyo, binti, mwenye kuipiga mikato alikuwa mwingine, kabla haijafika mezani kwa karani. Hilo naweza kukwambia bila wasiwasi.

Ilitokaje ghalani, hilo ni la 1997, wakati wa ule uporaji wa vita. Siku zile kuna waliobeba vitu ili waibe na kuna waliobeba ili visiibiwe, na wote walikimbia njia moja wakiwa na mizigo inayofanana. Aliyeiba, nijuavyo mimi, aliuza kabla ya kufika Isiro.

Msilale peke yenu humo ndani.

Deklarati_Kasu

Dada, umempata avoka? Kesho kusipite.

Binti_Faradje

Wamekuja leo asubuhi. Avoka ni mtoto wa jirani, hakutaka pesa, alitaka chai. Chifu wa mtaa alifika amechelewa. Watu wa ICCN walikuwa wawili, mmoja kijana tu, alivaa glavu kabla ya kuigusa, akaiweka juu ya meza ambayo tulimlaza baba.

Hawakunishika. Waliniuliza maswali saa nzima, nikajibu yale ninayoyajua. Shati la kaki wameniachia. Bado lina unga kwenye mikunjo. Yaya anataka lifuliwe, nimemwambia asubiri.

Kulitokea shida moja. Mizani yao iligoma, tukatuma mtoto alete ile yangu ya unga wa bukari. Ikasoma 1,9. Yule mkubwa akanitazama, akatazama namba ya rangi, akaniuliza gramu mia mbili ziko wapi. Nikamwonyesha vitundu, nikamwonyesha chini ya sanduku, nikamweleza mambo ya vidudu na ya kukauka kama muzee wa hapa alivyonieleza. Kijana akasema ni kweli, anajua. Lakini sikusaini hadi PV iandikwe uzito wa leo na uzito wa 1982, vyote viwili, mstari mmoja. Unga tumeufagia kwa brashi ya viatu ya baba, tukautia kwenye bahasha, nao umeandikwa. Gramu kumi na moja.